Nyaya za Kukataa: Usalama wa Rimoti ya Kuwashia Gari Katika Pwani Yetu

Mteja aliyefungiwa rimoti ya kuwashia gari huipima kazi ya fundi kwa njia moja tu. Anasogea kando, anabonyeza kitufe, injini inanguruma, taa zinapepesa, na papo hapo anatia mkono mfukoni alipe. Jaribio hilo limemwonyesha kwamba kifaa kinaweza kuwasha gari. Halijamwonyesha kama kifaa hicho kinajua wakati wa kukataa, na hilo ndilo swali zito zaidi. Gari likiwa limeachwa ndani ya gia, au boneti ikiwa wazi na mtu ameinama juu ya feni, rimoti iliyofungwa vizuri inapaswa kunyamaza hata ikibonyezwa mara mia. Nashikilia kwamba usalama wa mtambo huu hupimwa kwa mambo yanayoweza kuuzuia, na kwamba nyaya zinazofanya kazi hiyo ya kuzuia ndizo rahisi zaidi kuachwa zikining'inia, kwa kuwa mwenye gari hazioni wala hajui kuzidai.

Kifaa chenyewe kilikulia kwenye baridi. Kanada na kaskazini mwa Marekani watu huwasha gari wakiwa bado ndani ya nyumba ili barafu iyeyuke kwenye vioo. Huku kwetu kwenye pwani ya Kenya, kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, haja imegeuka kuwa joto. Gari lililoegeshwa juani mjini Malindi au nje ya hoteli ya Watamu huweza, kwa muda wa saa moja, kuwa na joto linalozidi lile la nje kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Dereva wa teksi anayesubiri wageni kwenye uwanja wa ndege wa Malindi ana haki ya kutaka abiria wake wakute ubaridi ndani, na sioni sababu ya kumcheka wala kumwita mpenda anasa. Haja ya pili ni wizi. Alamu za bei nafuu, za magari na za pikipiki, huja na kitufe cha kuwashia injini kama nyongeza, hivyo mtu aliyeingia dukani kutafuta king'ora hutoka na mtambo unaotaka kuunganishwa na swichi yake ya kuwashia.

Ili tuone kinachobadilika, tuanze na ufunguo. Nyuma ya tundu lake mna swichi yenye nyaya chache nene. Mmoja au mbili huleta umeme wa volti 12 moja kwa moja kutoka kwa betri. Ukizungusha hatua ya kwanza, umeme huenda kwenye redio na vitu vidogo vidogo. Hatua ya pili huamsha kompyuta ya injini, koili na pampu ya mafuta. Hatua ya tatu, ile unayoishikilia kwa vidole, hupeleka umeme kwenye stata, na kwa muda huo redio na feni hukatwa ili betri itoe nguvu zake zote upande mmoja. Injini ikishika unaachia, na springi inarudisha ufunguo hatua ya pili. Rimoti haina uchawi wowote. Ni sanduku la relei zinazoiga mpangilio huo kwa zamu, likipokea amri kutoka kwa kidude cha mkononi. Fundi mwenye mita ya umeme huzitambua nyaya hizo upesi, na akiziunga zote gari litawaka.

Ila mkono ule ulikuwa na kazi nyingine isiyoandikwa popote. Aliyeshika ufunguo kwa kawaida amekaa kitini. Mguu wake uko karibu na breki, gia anaiona, harufu ya petroli inayovuja anainusa, na mtoto anayepita mbele ya boneti anamwona. Kabla ya hapo hali ilikuwa mbaya zaidi, maana injini ilizungushwa kwa hendeli na dereva alisimama mbele ya gari, pale pale ambapo gari lililo ndani ya gia lingemkanyaga. Charles Kettering alipoliwekea Cadillac stata ya umeme, ikauzwa kuanzia magari ya mwaka 1912, alimtoa mtu mbele ya gari akamketisha mahali salama. Rimoti inamwondoa kwenye kiti hicho. Basi kila alichokuwa akikiangalia kwa macho, kwa mguu na kwa pua, kiangaliwe na waya, na kile ambacho waya hauwezi kukiangalia kiwekewe mpaka.

Chukua gia. Gari la otomatiki lina swichi inayozuia stata isipige mpaka gia iwe kwenye P au N. Hapa mahali pa kuunga ndipo pa kutazamwa. Fundi akipeleka amri ya stata kwenye waya ulio nyuma ya ufunguo, katika magari mengi amri hiyo bado itapita kwenye swichi ya gia kabla ya kufika kwenye stata, na ulinzi wa kiwandani utabaki. Akivuta waya wake moja kwa moja hadi kwenye stata yenyewe, chini ya boneti, kwa sababu ni karibu au kwa sababu waya wa nyuma ya ufunguo umemsumbua, ameuruka ulinzi huo. Kwa macho ya mteja kazi zote mbili ni sawa. Tofauti itajulikana siku gari litakapoachwa kwenye D.

Gari la gia za mkono lina shida kubwa zaidi, na magari hayo ndiyo yanayobeba watu na mizigo yetu. Mengine yana swichi ya klachi, stata haipigi mpaka klachi ikanyagwe. Rimoti haina mguu, kwa hiyo fundi hulazimika kuiziba swichi hiyo kwa kipande cha waya ili kitufe kifanye kazi. Mengine hayajawahi kuwa na swichi hiyo. Juu ya hayo kuna mazoea mema ya madereva wetu. Breki ya mkono ikilegea, au gari likiegeshwa kwenye mteremko kama ule wa kushukia hori la Kilifi, dereva mwangalifu huacha gia ya kwanza imeingia ili injini ilishikilie gari. Gari la namna hiyo likipigwa stata hutambaa kwa nguvu ya betri peke yake, kabla injini haijashika. Injini ikishika, halitambai tena, linakwenda. Tahadhari ya dereva mmoja hapo inakuwa hatari ya aliyeketi kivulini mbele ya gari.

Watengenezaji waliofikiri sawasawa wamelipatia jambo hili jibu la busara. Kwenye mitambo yao ya gia za mkono, dereva akimaliza safari hutia nyutro, huvuta breki ya mkono, hubonyeza rimoti, kisha huchomoa ufunguo huku injini ikiendelea kunguruma. Hushuka, hufunga mlango, na hapo ndipo injini huzima yenyewe. Kwa kuwa injini iliendelea kuzunguka bila mguu kwenye klachi na gari halikusogea, gia haiwezi kuwa imeingia. Mlango wowote ukifunguliwa baada ya hapo, ruhusa inafutika na kitufe hakitawasha kitu. Mpango huo wote, hata hivyo, unategemea waya wa mlango na waya wa breki ya mkono. Fundi akiziacha nyaya hizo mbili, au akaziunga kwa namna ya kuudanganya mtambo kwamba milango imefungwa na breki imevutwa daima, kinachobaki ni kitufe kitupu. Naongeza kwamba gari la gia za mkono linaloendeshwa na zaidi ya mtu mmoja, matatu ya HiAce yenye dereva wa zamu au Probox inayokodishwa leo kwa huyu na kesho kwa yule, lisifungiwe rimoti ya kuwashia hata kidogo. Utaratibu unaotegemea nidhamu ya kila anayeshuka hauwezi kusimama mahali ambapo wanaoshuka hawajulikani.

Boneti nayo ina waya wake. Ni swichi ndogo ya pini, inayobonyezwa boneti ikifungwa na kuchomoza ikifunguliwa, na mtambo ukiona imechomoza hautawasha injini. Ndiyo kinga ya mikono ya fundi na ya mwenye gari anayepima oili. Swichi hiyo ni ya bei ndogo kuliko vipande vyote na hukaa mahali pabaya kuliko vyote, chini ya ukingo wa boneti, inakofikiwa na mvua na hewa ya bahari. Nyingi huwa zinatoa ishara kwa kuunganisha waya na bodi la gari pindi boneti inapofunguka. Ikiota kutu, muungano huo haufanyiki tena, na mtambo unabaki ukiamini kwamba boneti imefungwa. Yaani hapa pwani ulinzi huu hufa kimya kimya. Hakuna taa itakayowaka kukuarifu, na gari litaendelea kuwaka kwa rimoti kama kawaida. Dawa yake ni kuupima kila gari linapopelekwa kubadilishwa oili: boneti wazi, mikono mbali na mikanda, kitufe kibonyezwe, na injini isiwake.

Chumvi hiyo hiyo hufika chini ya dashibodi. Njia ya haraka ya kuunga waya ni kuuchubua katikati kwa wembe, kuuzungushia waya mpya, na kufunika kwa tepu nyeusi. Siku ya kwanza umeme hupita vizuri. Lakini gundi ya tepu hulainika kwa joto la gari lililoachwa juani, tepu inateleza, na shaba inabaki uchi. Chumvi iliyoletwa na upepo wa kusi hunyonya unyevu wa hewa na kuukalisha juu ya shaba, na baada ya muda nyuzi zake hugeuka kijani. Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme kiungo kimeharibika hadi ukinzani wake umefika sehemu moja ya kumi ya omu, kiasi kidogo ambacho mita nyingi za bei nafuu hazikipimi kwa uhakika. Ampea 20 zikipita hapo, kwa ajili ya feni ya AC na vinginevyo, volti 2 hupotelea kwenye kiungo, na wati 40 hugeuka joto. Wati 40 ni nguvu ya chuma cha kawaida cha kulehemu. Chuma hicho sasa kiko nyuma ya plastiki, kimebanwa kati ya nyaya nyingine, na hakuna anayekiona. Fyuzi haitakatika, maana ampea 20 ni zile zile 20. Fyuzi husoma wingi wa umeme unaopita, haisomi joto la kiungo kibovu. Gari likishika moto hapo, watu watasema ni shoti, na neno hilo litafunga mjadala kabla haujaanza.

Ndiyo maana ninahimiza kulehemu, au kubana kwa koleo na viungio vyake maalumu, kisha kuvisha mpira unaonywea kwa joto na kufunga kabisa mlango wa hewa. Vile vibanio vya plastiki vinavyouma waya bila kuuchubua, vinavyopendwa kwa wepesi wake, hukata baadhi ya nyuzi na kuacha mwanya wa unyevu kuingia. Kwa mji wa bandarini havifai kwenye nyaya nene za swichi. Wanaofunga umeme wa mashua hutumia waya wa shaba iliyopakwa bati, na gari linalolala mita chache kutoka ufukweni linastahili waya huo huo. Fyuzi nayo iwekwe karibu na chanzo cha umeme, na ukubwa wake uufuate waya. Waya mwembamba wa milimita moja ya mraba ukiwekewa fyuzi ya ampea 30, waya ndio utakaoungua kwanza. Na zile nyaya zilizovishwa mfuko wa manjano kwenye nguzo ya usukani ni za mifuko ya hewa. Zisichubuliwe, zisiguswe na taa ya kupimia, kwa kuwa umeme mdogo tu unaweza kuulipua mfuko usoni pa fundi.

Kukataa kuwasha ni jambo moja, kuzima injini inayokimbia ni jingine, na alamu nyingi huuzwa kwa kusifiwa hili la pili. Hapo mtu anayetafuta utulivu huuziwa hatari. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliyaita gereji takriban magari milioni 2.6 kwa sababu ya swichi za kuwashia ambazo ziliweza kurudi nyuma zenyewe gari likiwa mwendoni. Injini ilizima, usukani ukawa mzito, na mifuko ya hewa ikakosa umeme wa kufumuka wakati wa kugonga. Mfuko wa fidia uliowekwa na kampuni ulikubali madai ya vifo 124. Hizo zilikuwa swichi za kiwandani, kasoro yao ikiwa kijisehemu kidogo kisichokuwa na nguvu ya kutosha kuushikilia ufunguo mahali pake. Relei ya bei rahisi iliyokatiza waya wa hatua ya pili, imefungwa kwa tepu, ikila chumvi, inaweza kuleta balaa la namna hiyo kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malindi, katikati ya daraja la Kilifi au kwenye ule unyoofu wa msitu wa Arabuko Sokoke ambako malori hupishana kwa kasi. Breki zitabaki na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili, kisha zitakuwa ngumu kama ukuta.

Mwenye gari atauliza, na ana haki: nikinyang'anywa gari kwa bunduki, je, nisiwe na namna ya kulizima? Awe nayo, lakini kizuizi kiwekwe kwenye waya wa stata. Gari likishasimama na kuzimwa, halitawaka tena mkononi mwa mwizi. Relei ichaguliwe na kufungwa ili ikifa yenyewe iache njia wazi, dereva asikwame usiku Matsangoni kwa kosa la kipande cha plastiki. Ulinzi wa namna hiyo huchelewesha ushindi kidogo, lakini haumwui mtu barabarani.

Wizi una upande mwingine ambao wauzaji hawautaji. Ufunguo wa magari mengi ya miaka ya karibuni una chipu inayotambuliwa na kompyuta ya injini, na bila chipu injini haishiki. Ili rimoti ifanye kazi, mafundi wengine huchukua ufunguo wa pili, au chipu yake, na kuuficha nyuma ya dashibodi karibu na tundu la ufunguo. Kinga iliyowekwa na kiwanda imeondolewa, na mwizi anayejua atakuta ufunguo ukimsubiri ndani. Kuna vifaa vya kupitishia ambavyo huiamsha chipu pale tu rimoti inapotumika, na anayekataa kuvigharimia ni heri abaki na ufunguo wake.

Pikipiki zinahitaji ukali zaidi, kwa sababu alamu zake ndizo zilizoenea, bodaboda ni wengi, na pikipiki ni ya gia za mkono. Waya wa taa ya nyutro upo, na mtambo ungeweza kuutumia kujua gia iko wapi, lakini vifurushi vya bei nafuu haviuhitaji ili viwashe, kwa hiyo ni rahisi kuachwa. Kisha pikipiki nyingi hulala ndani ya nyumba kwa hofu ya wezi, pengine chumba kimoja na familia. Kidude kikibonyezwa na mtoto usiku, au kikikaliwa kitandani, injini itajaza chumba gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Hakuna waya unaoweza kuutambua ukuta na dirisha lililofungwa. Hapa ushauri wangu ni mfupi: king'ora kifungwe, waya wa stata uachwe bila kuungwa, ncha yake ikatwe na kuzibwa. Mwendeshaji hapotezi chochote, kwani anapotaka kuondoka atakaa juu ya pikipiki yake hata hivyo.

Kuna wanaosema kwamba mafundi wetu wamefunga mitambo hii miaka mingi na magari yanaendelea kutembea. Ni kweli, na sidharau mikono hiyo. Wengi wao huisoma michoro ya umeme ya Kijapani bila kujua Kijapani. Lakini gari kutembea ni ushahidi wa nyaya za kuwasha. Nyaya za kukataa hujulikana siku moja tu, na wakati huo gari limeshatembea ambapo halikupaswa. Wengine husema kwamba kazi ya namna ninayoitaka itapandisha bei. Itapandisha, kwa sababu kuvuta waya hadi kwenye boneti, kwenye kanyagio la breki na kwenye breki ya mkono huchukua saa kadhaa za ziada. Anayeziona ni ghali ana njia nyingine ya kupambana na joto isiyomgharimu chochote: kufungua milango yote, kuacha hewa ya moto itoke, na kuanza safari vioo vikiwa chini kwa dakika chache kabla ya kuwasha AC.

Serikali nayo imewahi kuonyesha kwamba inaweza kuangalia kinachofungwa ndani ya gari. Kanuni za mwaka 2003 zilizoletwa na John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zikaanza kutekelezwa Februari 2004, zililazimisha matatu kuwa na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na leo kidhibiti huambatana na cheti cha aliyekifunga. Alamu yenye rimoti inagusa mfumo wa umeme ule ule, na gari la abiria au la biashara linapopelekwa kukaguliwa ingefaa mkaguzi aulize nani alichubua nyaya za swichi. Fundi asiyekuwa na karatasi hana haja ya kuogopa swali hilo. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, hutahini ufundi kwa madaraja, na aliyejifunza kazi kwenye jua kali anaweza kukaa mtihani wa vitendo akapata daraja lake.

Hadi ukaguzi huo uje, mwenye gari anaweza kuukagua mtambo mwenyewe kabla ya kulipa, mahali pa wazi, magurudumu yamezuiwa kwa mawe na mbele hapana mtu. Awashe kwa rimoti kisha akanyage breki bila ufunguo, injini izime. Afungue boneti na kubonyeza, isiwake. Kwenye otomatiki, mguu ukiwa imara juu ya breki, fundi aeleze waya upi unaizuia stata gia ikiwa kwenye D, na aonyeshe kwamba inazuiwa. Kisha adai mchoro: rangi ya kila waya ulioguswa, mahali ulipoungwa, ukubwa na mahali pa kila fyuzi, tarehe na simu ya fundi, vyote kwenye karatasi iliyowekwa pamoja na kitabu cha gari. Magari yetu huuzwa na kuuzwa tena, kutoka Kilifi hadi Garsen, na fundi atakayelifungua miaka sita ijayo akitafuta kwa nini haliwaki atahitaji kujua waya upi ni wa Toyota na upi uliongezwa.